Timu ya Mshale Ndani ya Mashine

Ilyasi alidaka mpira miaka sita katika timu ya Mshale ya Buyenzi, mjini Bujumbura, na kilichomkera kuliko vyote katika mpira wa mashine, ule wa kwenye televisheni, ni kwamba mlinda lango haongozwi. Wachezaji kumi unawashika mmoja baada ya mwingine. Huyu unamkimbiza, yule unampigisha. Yule wa golini anafanya la kichwa chake. Ukibonyeza kitufe chenye pembetatu, anatoka mbio kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua, na mpira unampita juu. Usipokibonyeza, anaganda mstarini, mpira unampita pembeni. Ilyasi alikuwa na miaka arobaini na mbili, mtu mzima mwenye watoto wanne, na bao la namna hiyo lilimharibia chakula.

"Hata na mashine unafungwa, Gadieni," Radjabu alikuwa akimwambia kila Jumapili. "Zamani ulisemaka ni jua ya machoni. Humu ndani jua iko wapi?"

Gadieni ni jina walilomwita watu wa Mshale kwa kuwa alikaa golini. Radjabu alikuwa beki wa kushoto, sasa fundi wa magari, na kati ya wachezaji kumi na wanane wa mwaka 1993 ndiye peke yake aliyebaki mtaa mmoja na Ilyasi. Alikuja na grisi mpaka kwenye viwiko, naye Ilyasi alimsukumia kitambaa bila neno, ajifute kabla hajashika maneti, kile kishikio chenye vitufe. Kila siku Radjabu alichagua Brazili. Kila siku alisema hajui kwa nini anashinda.

Chumba chenyewe, kwenye avenue ya kumi na tatu, kilikuwa karakana ya redio. Mashine ilikuwa ya wajukuu wa mzee Himid, Mwarabu aliyeuza vitambaa. Aliileta itengenezwe mwaka 1999, na kabla hajaifuata, ukoo mzima ukapanda ndege kwenda Maskati. Akatuma salamu kwamba Ilyasi abaki nayo. Ilyasi akaifungua, akaisafisha, akagundua kwamba jicho lake la kusomea diski limechoka na halisomi mpaka mashine igeuzwe chali. Akaigeuza chali, akaiwekea matofali mawili pembeni isitikisike, na ikafanya kazi. Watu wakaanza kujaa.

Ilimfaa mtu kama yeye. Ilyasi hakuwa msemaji. Msikitini alikaa safu ya mwisho karibu na viatu. Arusini alishika sahani na kuangalia sahani. Lakini wanaume wawili wakikaa mbele ya televisheni, wote wanaangalia mbele. Hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni, na saa nzima inapita kwa maneno matano. Humo ndani mvua haikatishi mechi. Goti haliumi. Refa hamuulizi mtu anatoka kartie gani, yaani mtaa gani, wala hakuna kijana anayekosa mazoezi kwa sababu barabara ya kwao imefungwa na askari.

Maudhi yalikuwepo pia, tena mengi. Ukiongoza kwa mabao mawili, miguu ya watu wako inakuwa mizito ghafla, kama waliokula ugali kiwanjani, na dakika ya themanini na nane mashine inampa mpinzani mpira wa kichwa ambao hakuustahili. Unabonyeza pasi, pasi inakwenda nusu sekunde baadaye, kwa mtu mwingine. Umeme unakatika ukiwa umebakiza penalti. Na kubwa kuliko yote, diski zote zilizofika Bujumbura zilikuwa za Kijapani. Hakuna mtu Buyenzi nzima aliyeweza kusoma hata herufi moja. Walihesabu mistari. Mstari wa tatu ni mechi. Wa tano ni kadi, ile ndogo ya kuhifadhia vitu, na ukiingia hapo, cha juu kinafungua, cha chini kinaweka. Likitokea swali, ndiyo iko kushoto. Ilyasi alikuwa amekariri hivyo kama mtu aliyekariri sura asiyojua maana yake, na vidole vyake vilikwenda vyenyewe.

Ndivyo alivyogundua, katika wiki moja ya mwaka 2000 ambayo mizinga ililia upande wa kaskazini na watu hawakutoka majumbani, kwamba mstari wa sita una mahali pa kubadilisha majina ya wachezaji. Pale palikuwa na herufi za kawaida. Akatafuta timu moja dhaifu yenye jezi ya bluu kama yao, akafuta majina yake yote, na badala yake akaandika Mshale.

Mashine ilikubali herufi nane tu. MOHAMADI alienea sawasawa. Huyo alikuwa winga wa kulia, aliuawa mwaka 1995 akienda kununua mkate. CIRIMWAMI alikatwa herufi ya mwisho. Huyo alivuka mpaka na hakusikika tena. Ilyasi aliwaandika wote, wa kabila hili na wa lile, waliokufa na wasiojulikana waliko, kisha akaanza kuwapa nguvu zao, kwa sababu mashine inataka kila mtu apewe namba, kutoka moja hadi tisa: kasi, shuti, pumzi, kichwa. Kazi hiyo aliifanya kwa haki. Hakumpendelea mtu, hata yeye mwenyewe. Alijipa sita ya mikono na tatu ya kutoka golini.

Radjabu alipoona zake, kasi nne, alikasirika kwelikweli.

"Kasi ine? Mi?"

"Ulikuwa unavuta sigara mapumziko."

"Moja tu."

"Ine," alisema Ilyasi.

Mmoja tu ndiye aliyependelewa. Namba tisa, PONTIEN, mshambuliaji, mtoto wa Kamenge, mtaa wa kaskazini, alipewa tisa kila mahali. Radjabu aliliona hilo pia, akasema Pontien alikuwa mzuri, hakuna ubishi, ila kichwa hakujua kupiga hata siku moja, mpira ulimgonga sikioni. Ilyasi akajifanya anahangaika na waya wa televisheni. Siku hiyo hata mkewe Hayat, aliyekuwa mlangoni na sinia ya chai, aliyasikia maneno hayo, akaweka sinia chini na kurudi ndani.

Hayat alikuwa anajua. Ilyasi hakuwa mdakaji tu. Alikuwa pia mwenye kutunza leseni za wachezaji, vile vikadi vyenye picha na mhuri ambavyo wao waliviita lisansi. Zilikaa kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda chake, zote kumi na nane. Mwaka 1995, watu wa Kamenge walipotolewa makwao kwa bunduki na nyumba zikaungua, kitambulisho cha Pontien kiliungua humo humo. Alikuwa amejificha vilimani na alitaka kurudi mjini kazini, bandarini, lakini bila karatasi hakuna aliyepita barabara zile. Lisansi ya mpira ilisaidia. Palikuwa na askari vizuizini waliopenda mpira. Wakiona mhuri na picha ya mtu amevaa jezi, walicheka, wakauliza matokeo ya mechi fulani, wakafungua njia. Kwa hiyo Pontien alimtuma dada yake mkubwa kwa Ilyasi, siku ya Alhamisi, kuiomba ya kwake.

Ilyasi alimwambia arudi Jumamosi, ataitafuta. Haikuhitaji kutafutwa. Aliogopa tu, bila kujua anaogopa nini hasa; pengine kuonekana akimpa kitu mwanamke aliyetoka upande ule. Ijumaa, baada ya sala, habari zikafika kwamba wanajeshi wanasaka nyumba kwa nyumba kuanzia avenue ya tisa, na anayekutwa na orodha ya majina anaulizwa majina hayo ni ya nani. Ilyasi akatoa kopo. Akazichoma jikoni kwa Hayat, moja moja, kwa kuwa plastiki yake ilitoa moshi mweusi akiziweka nyingi pamoja. Hayat alisimama akiangalia. Avenue ya kumi na tatu haikusakwa siku ile wala siku nyingine.

Jumamosi dada alirudi. Ilyasi alimwambia kwamba lisansi zilikuwa kwa prezida wa timu, na prezida, kama wote walivyosikia, amekimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Yule dada akashukuru, akaenda zake. Miezi miwili baadaye Pontien akashikwa kizuizini akiwa hana karatasi yoyote, akaitwa mpiganaji, akafungwa. Hakusomewa kesi hata siku moja kwa karibu miaka saba.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka 2002, Radjabu aliingia chumbani akijifuta mikono kabla ya kuambiwa, akasema, "Pontien ametoka. Nilimuona Buterere, anakaa kwa dada yake. Amekonda, lakini ni yeye."

Ilyasi alikuwa anaongoza mbili bila. Akafungwa tatu.

Zikapita siku kadhaa. Hayat ndiye aliyeanza. Alimwambia kwamba huu ni wakati wa kwenda Buterere kwa miguu yake, akae chini, aseme. Ilyasi akajibu kwamba atamwalika huku. Hayat akamuuliza akifika huku atamwambia nini. Ilyasi akasema atamwonyesha.

Hilo ndilo alilokuwa ameliweka moyoni. Hakuwa na maneno, hakuwahi kuwa nayo, lakini alikuwa na timu. Pontien angekaa kwenye benchi, angeona jezi ya bluu ikiingia kiwanjani, angeona jina lake mgongoni mwa mchezaji anayewapita watu wanne, na angejua kwamba miaka yote hii palikuwa na mtu asiyemwacha nje ya timu. Baada ya hapo, Ilyasi alifikiri, mengine yatasemeka yenyewe, au hayatahitaji kusemwa. Akamwomba Radjabu amlete Jumapili.

Kilichobaki kumtia wasiwasi ni diski. Ilikuwa imechubuka vibaya. Kila wiki aliipaka dawa ya meno, akaisugua kwa pamba kutoka katikati kwenda nje, ikacheza siku mbili tatu, kisha ikaganda tena mapumziko, wachezaji wamesimama mguu mmoja hewani. Akaona aibu kwamba itaganda mbele ya Pontien. Akatuma neno kwa Mirindi, mfanyabiashara wa Uvira aliyevuka mpaka wa Gatumba kila wiki na mfuko wa kaseti na diski, amletee nyingine.

Mirindi alifika Jumapili asubuhi. Diski aliyoleta ilikuwa mpya kabisa, ya mwaka ule, wachezaji wana nywele zinazotikisika. Ilyasi alimuuliza mara tatu kama kadi yake itakubali.

"Ni mule mule, mzee," alisema Mirindi. "Ni muchezo moja. Wamebadirisha nywele tu." Akachukua mfuko wake akaondoka.

Umeme haukuwepo tangu alfajiri, kwa hiyo hakuweza kujaribu. Ulirudi saa nne, na pamoja nao wakaingia Radjabu na Pontien, kana kwamba waya ndio uliowaleta.

Pontien alivaa shati safi lililokuwa la mtu mnene. Mkononi alishika mfuko wa nailoni wenye karatasi moja iliyokunjwa, ile ya kuachiwa, na hakuiweka chini hata alipokaa.

"Gadieni," alisema.

"Pontien," alisema Ilyasi, akamshika mkono, akaushikilia muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Hayat akaleta chai, akamsalimu mgeni kwa heshima, akamuuliza hali ya dada yake, akatoka bila kumwangalia mumewe.

Ilyasi hakupoteza muda, maana ukimya ulikuwa unaanza. Akaweka diski mpya, akaweka kadi, akaigeuza mashine chali. Muziki ukapigwa. Mistari ikatokea, vijiti vya Kijapani kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Vidole vyake vikaenda vyenyewe: mstari wa tano, cha juu. Likatokea swali. Kushoto. Likatokea swali la pili, ambalo kwenye diski ya zamani halikuwepo. Akasita kidogo, Pontien akakohoa, akabonyeza kushoto tena. Mstari mwekundu ukaanza kujaa taratibu kutoka upande mmoja hadi wa pili, ukajaa, ukalia mlio mdogo wa furaha.

Alikwenda kwenye timu ya bluu. Majina yote yalikuwa ya Kijapani.

Akarudi. Akahesabu mistari tena kwa kidole juu ya kioo. Akatoa diski, akaweka ya zamani, ikagoma, akaipuliza, ikakubali. Akafungua kadi. Humo timu ya Mshale haikuwepo. Kwenye diski mpya, cha juu ndicho kilichokuwa cha kuweka. Kadi ilikuwa imejaa, mashine ikauliza kama vilivyomo vifutwe, naye akajibu ndiyo. Ikauliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo.

"Imekuwa nini?" aliuliza Pontien.

Radjabu ndiye aliyeeleza, kwa kuwa Ilyasi alikuwa bado amepiga magoti mbele ya televisheni. Alimsimulia jinsi walivyoandikwa wote, Mohamadi, Cirimwami, wote, na jinsi yeye alivyoonewa kwenye kasi. "Na we alikupa tisa," alisema, "tisa fasi zote, hata kichwa." Akacheka peke yake.

"Mulikuwemo," alisema Ilyasi. "Wallahi, Pontien, mulikuwemo. Nitawaandika tena."

Pontien alizungusha kikombe mkononi.

"Prezida wa timu," alisema polepole, "unamukumbuka?"

Ilyasi akasema anamkumbuka.

"Hakufikaka Uvira. Walimushika njiani. Nilimukuta mule ndani, tukalala chumba moja miaka mbili, mpaka alipokufa na kifua. Nilimuuliza lisansi yangu. Akaniambia, mutoto yangu, mi sikugusaka hata moja, zote ziko kwa Gadieni." Akanywa funda moja. "Sasa mi sikukuja kuona televisheni, sha. Nilikuja nisikie we utasema nini."

Nje mtu alikuwa anauza maembe kwa kupaza sauti. Ilyasi alitazama kioo, wachezaji wa bluu wamesimama katikati ya kiwanja wakisubiri filimbi. Hiyo ndiyo faida aliyoizoea, kwamba mtu anaweza kuangalia mbele. Lakini Pontien hakuwa anaangalia mbele. Alikuwa amegeuka mzima mzima kwenye benchi.

"Nilizichoma," alisema Ilyasi. "Walikuwa wanasaka. Dada yako alikuwa amekuja jana yake, na mi niliogopa."

"Zote?"

"Zote."

Radjabu alifungua mdomo. "Hata yangu?" aliuliza. Kwa miaka saba alikuwa ameamini ilipotea na prezida.

Pontien alikuwa bado anamtazama Ilyasi. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa kama mtu anayehesabu.

"Hata yako?"

Hapo palikuwa na jibu jepesi. Neno moja, na hakuna mtu duniani ambaye angembishia isipokuwa Hayat, naye alikuwa uani. Kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, ndani ya pochi, palikuwa na kikadi chenye picha ya kijana mwembamba mwenye glavu, mhuri umempita shavuni. Alikuwa amepita nacho vizuizi vyote vya miaka ile. Askari mmoja wa daraja la Ntahangwa alikuwa akimsalimu kwa jina la timu.

"Yangu niliacha," alisema Ilyasi.

"Eh," alisema Pontien.

Alimaliza chai yake hadi majani ya chini. Kisha akamgeukia Radjabu na kumwomba amfundishe mchezo huu unachezwaje. Radjabu, ambaye bado alikuwa amekunja uso, akamweka vidole kwenye vitufe, hiki pasi, hiki shuti, hiki kukimbia. Walicheza mechi tatu. Pontien alifungwa zote, na kwenye ya tatu alipata bao moja la bahati, mpira uligonga goti la beki ukaingia, akacheka kicheko cha zamani, kile ambacho Ilyasi alikuwa akikisikia akiwa golini, upande wa pili wa kiwanja. Ilyasi alisimama nyuma yao, karibu na mlango. Saa nane Pontien alisema lazima aende kabla barabara ya Buterere haijafungwa. Alimuaga Radjabu. Alimuaga Hayat. Mlangoni alimwambia Ilyasi, "Aksanti kwa chai, patron."

Patron ndivyo wanavyomwita mwenye chumba wale wanaokuja kucheza na kwenda zao.

Ilyasi alifikiri hatarudi tena. Angefurahi kama asingerudi. Lakini Jumapili iliyofuata alirudi, na iliyofuata, kwa miguu kutoka Buterere kila hali ya barabara ilipomruhusu. Alijifunza upesi. Alicheza na Radjabu, alicheza na vijana, alicheza na Mirindi siku za Mirindi. Lakini na Ilyasi hakucheza. Maneti ya pili ikiwa wazi na Ilyasi ndiye peke yake aliye karibu, Pontien alisubiri mtu aingie. Kama ni lazima aseme naye, alisema mambo ya mashine: patron, diski imeganda, patron, punguza sauti. Alisema kwa adabu. Hakuna aliyeweza kulalamika.

Timu aliyoichagua daima ni ile ya bluu.

Ilyasi alikaa na jambo hilo moyoni wiki nyingi. Mwishowe, Jumapili moja kabla watu hawajaja, alihesabu mistari ya diski mpya kwa daftari na kalamu, akapata mahali pa majina. Pontien alipoingia akamkuta amekaa tayari, mshale wa mashine unawakawaka kwenye nafasi ya namba tisa, herufi ya kwanza. Ilyasi alimuuliza, bila kugeuka, kama amwandike.

Pontien alisogea nyuma yake. Halafu akamchukulia maneti mkononi, si kwa nguvu, kama mtu anavyomchukulia mzee kikombe.

"Acha, patron," alisema. "Mi nacheza na hawa. Hawa siwajui majina, na wao hawajui yangu."

Akakaa, akatafuta mstari wa tatu, akaanza mechi dhidi ya mashine.